Asilimia 20 ya Nini?



Katika parokia nyingi za Nyanda za Juu Kusini, ukimuuliza mzazi kuhusu maendeleo ya mtoto wake aliye sekondari, atakutajia masomo moja baada ya jingine, na akifika kwenye hisabati atacheka kidogo na kusema, "Hiyo tena, Frateri, siyo ya kwetu." Nimelisikia jibu hilo nyumbani Mbeya, na nimelisikia Iringa, nilikotumwa kufundisha kwa mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo ya falsafa. Husemwa bila huzuni, kama mtu anayeeleza kwamba ndizi hazistawi kwenye baridi ya Kitulo. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne nayo yanaonekana kulithibitisha. Kwa miaka kadhaa waliofaulu hisabati nchini wamekuwa karibu mtahiniwa mmoja kati ya watano, au kuzidi hapo kidogo, na somo hilo limezoeleka kushika mkia.

Mimi sikubali kwamba hisabati siyo ya kwetu. Mkulima wa Umalila anayekadiria kwa macho mbegu za viazi zitakazotosha nusu eka anafanya hesabu. Mama wa soko la Mwanjelwa anayerudisha chenji kwa wateja watatu kwa mpigo, mtoto akiwa mgongoni, anafanya hesabu. Kinachokwama ni kitu kingine, nacho hukwama darasani, katikati ya ubao na dawati. Gharama yake ni kubwa. Kijana aliyepata F ya hisabati hufungiwa milango ya ufundi, uhasibu, uhandisi na ualimu wa sayansi kabla hajafikisha miaka 20. Pengine lililo baya zaidi ni kwamba hutoka shuleni akiwa ameamini kwamba akili yake ina mpaka, na kwamba mpaka huo umewekwa na Mungu.

Katika makala hii napenda kuwashirikisha njia moja ya kufundisha ambayo nimeiona ikifanya kazi kwetu, nikitaja pia mahali inapochechemea. Naandika kama mwanafunzi wa falsafa, kwa sababu njia hiyo inagusa swali ambalo sisi mafrateri tunalisoma vitabuni: mtu hujifunzaje kutoka kwa mtu mwingine?

Njia yenyewe ina sehemu mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza huitwa darasa lililopinduliwa. Tumezoea kwamba mwalimu hueleza somo darasani, kisha mwanafunzi hupambana na mazoezi peke yake nyumbani. Darasa likipinduliwa, mwanafunzi hupata maelezo ya kwanza kabla ya kipindi, kwa kusoma au kutazama video, na muda wa kipindi hutumika kwa ile kazi ngumu, mwalimu akiwa karibu. Njia hii ilipata umaarufu baada ya walimu wawili wa kemia wa Woodland Park, jimbo la Colorado nchini Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, kuanza kurekodi masomo yao mwaka 2007 kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi.

Sehemu ya pili ni kufundishana wao kwa wao. Hii inahusishwa zaidi na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa mwalimu anayesifiwa, na wanafunzi wake walikuwa wakikokotoa maswali magumu. Alipowapa maswali mepesi ya kupima kama wameielewa nguvu na mwendo, wengi walikwama. Mmoja wao alitaka kujua kama ajibu kadiri alivyofundishwa, au kadiri yeye mwenyewe anavyoona mambo yalivyo. Hilo ni swali la kumkosesha usingizi mwalimu yeyote, na katekista pia. Mazur alipoona maelezo yake hayafiki, aliwaambia wajadiliane na jirani zao, na baada ya dakika chache walikuwa wameelewa. Kutokana na hapo alijenga utaratibu kamili, akauandikia kitabu mwaka 1997, na mwaka 2001 yeye na Catherine Crouch walichapisha matokeo ya miaka 10 ya kuutumia. Walimu wa hisabati waliuchukua vilevile. Wale wa Chuo Kikuu cha Cornell, kwa mfano, walitunga maswali ya namna hiyo kwa ajili ya kalkulasi.

Utaratibu ni huu. Mwalimu huuliza swali fupi lenye majibu matatu au manne ya kuchagua. Kila mmoja hufikiri peke yake, kimya, kisha hupiga kura. Ikiwa waliopata ni wachache mno, tuseme chini ya asilimia 30, mwalimu hurudi nyuma na kueleza upya. Ikiwa ni wengi, zaidi ya asilimia 70, hueleza kwa ufupi na kusonga mbele. Ikiwa wako katikati, huwaambia kila mmoja atafute jirani mwenye jibu tofauti na kujaribu kumshawishi kwa hoja. Baada ya dakika mbili au tatu hupiga kura tena, na mwalimu hufunga mjadala kwa maelezo yake.

Huko Harvard walitumia vifaa vya kielektroniki kupigia kura. Sisi Iringa tulitumia vidole. Mwanafunzi huweka kidole kimoja kifuani kwa jibu A, viwili kwa B, vitatu kwa C, akiwa amekibana kiganja karibu na sweta ili jirani asione. Mwalimu akisimama mbele huona yote kwa mtazamo mmoja. Hakihitajiki chochote ambacho shule ya kata haina.

Hebu nikupe swali moja nililolitumia mara nyingi. Gunia la viazi ni shilingi 50,000. Bei ikapanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Sasa gunia ni (A) shilingi 50,000, (B) zaidi ya hapo, (C) pungufu ya hapo.

Kila nilipoliuliza, vidole vingi vilionyesha A. Mara moja, katika darasa la kidato cha pili, karibu darasa zima lilichagua A isipokuwa watu wachache waliotawanyika huku na huku. Kwa kufuata utaratibu ningerudi ubaoni. Niliwaacha wajadiliane kwa sababu swali lilikuwa la viazi, na hakuna mtoto pale asiyejua viazi. Karibu nami alikaa binti mmoja ambaye hakuwa akinyoosha mkono kamwe. Yeye alikuwa ameonyesha C. Jirani yake, kijana msemaji, alimwambia, "Imepanda 20, imeshuka 20, imerudi palepale." Binti akamuuliza, "Asilimia 20 ya nini?"

"Ya bei."

"Bei ipi?"

Kijana alinyamaza. Kisha akachukua kalamu. Asilimia 20 ya 50,000 ni 10,000, bei ikawa 60,000. Asilimia 20 ya 60,000 ni 12,000. Akatoa, akabaki na 48,000, akatazama daftari kama mtu aliyeibiwa. Kwenye kura ya pili vidole vitatu vilikuwa vingi kuliko kidole kimoja, na darasa lilikuwa na kelele ambayo sijapata kuisikia katika kipindi cha hisabati. Nilipofunga mjadala sikuwa na mengi ya kuongeza. Niliwauliza tu: bei ingeshuka kwanza kisha ikapanda, je? Wakakokotoa, wakapata 48,000 ileile, na sasa wao ndio waliotaka kujua kwa nini. Hapo ndipo nilipoandika ubaoni kwamba kuzidisha kwa 1.2 kisha kwa 0.8 ni sawa na kuzidisha kwa 0.8 kisha kwa 1.2, na zote mbili ni 0.96. Sheria ambayo darasa lingeimeza kama dawa ilifika ikiwa jibu la swali lao.

Kwa nini maneno mawili ya binti yule, "Bei ipi?", yalifanya kazi ambayo maelezo ya mwalimu huwa hayafanyi? Naona sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba aliyeelewa jambo leo asubuhi bado anakumbuka ugumu ulikuwa wapi. Aliyevuka mto jana anajua ni jiwe gani linateleza, ilhali aliyevuka miaka 10 iliyopita anakumbuka tu kwamba mto unavukika. Mwalimu aliyebobea anajua mengi zaidi, lakini mara nyingi amesahau namna ya kutojua.

Ya pili ni lugha. Mtoto wetu husoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi ya serikali, kisha akiingia kidato cha kwanza hukutana nayo kwa Kiingereza. Kwa miaka minne hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kutafsiri na kukokotoa, na anapokosa hakuna anayejua ni kazi ipi imemshinda. Wanafunzi wanapoelezana wao kwa wao, hurudi kwenye Kiswahili bila kuambiwa, na pale Iringa niliwasikia wengine wakiingiza Kihehe. Swali linabaki kwa Kiingereza kama litakavyokuwa kwenye mtihani, lakini fikra hutembea kwa miguu yake yenyewe. Nimeona mwanafunzi akisoma sentensi ya Kiingereza mara tatu bila kuielewa, na jirani yake akaifungua kwa maneno manne ya Kiswahili.

Tena, jambo hili si geni kwetu. Kila aliyesoma sekondari Tanzania anaijua diskasheni, lile kundi la wanafunzi wanaokaa chini ya taa usiku, au chini ya mti Jumamosi, wakipiga msuli pamoja kuelekea mtihani. Diskasheni nyingi huharibika kwa sababu mbili. Mjuzi mmoja hugeuka mwalimu na wengine hunakili, au kundi zima hukubaliana haraka kwa jibu la mwenye sauti kubwa. Njia niliyoieleza huitibu diskasheni kwa kitu kidogo, nacho ni ile kura ya kwanza ya kimya. Kila mmoja anatakiwa kusimama na jibu lake kabla ya kusikia la mwenzake. Ukishaweka vidole kifuani, una kitu cha kutetea au cha kukiacha kwa sababu.

Sasa niseme juu ya vikwazo, maana makala inayosifu tu haimsaidii mtu.

Kikwazo cha kwanza kiko nyumbani. Darasa lililopinduliwa linachukulia kwamba mwanafunzi ana muda, mwanga na utulivu kabla ya kipindi. Likizo ya mwaka jana nilisaidia masomo ya ziada ya kidato cha nne katika parokia moja Mbeya. Wavulana wengi waliweza kusoma kurasa nilizowapa. Wasichana wengi hawakuweza, na haikuwa kwa uvivu. Walikuwa wamechota maji, wamepika, wameosha vyombo na kuwalaza wadogo zao, na walipomaliza umeme ulikuwa umekatika au mshumaa umekwisha. Habari ya video kwenye simu janja tusiitaje hata kidogo; bando la siku moja ni sabuni ya wiki. Tungewapima kwa maandalizi ya nyumbani, tungekuwa tumewapa zaidi wenye nacho na kumnyang'anya asiye nacho hata kile kidogo.

Kwa hiyo tulipindua darasa ndani ya kuta zilezile. Kule Iringa shule ilikuwa ya bweni, na maandalizi yalifanyika wakati wa prepo, wote wakiwa chini ya taa moja. Mbeya tulibandika karatasi za manila kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia, kila moja ikiwa na ukurasa mmoja wa maelezo na mfano mmoja uliokokotolewa hadi mwisho. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kusoma kimya. Baada ya hapo yalifuata maswali na vidole. Wenzetu wenye umeme na intaneti ya uhakika wanaweza kutumia video, na wanafanya vizuri. Lakini kiini cha njia hii hakimo kwenye video. Kimo katika kuutoa muda wa thamani, yaani ule ambao watu wako pamoja, kwenye kunakili na kuuweka kwenye kufikiri.

Kikwazo cha pili ni wazazi, na nakitaja kwa heshima. Jumamosi ya pili baba mmoja alisimama mlangoni mwa ukumbi, akasikiliza zile kelele, kisha akaniita pembeni. "Shikamoo," nilimwamkia. "Marahaba, Frateri. Samahani, naomba nikuulize. Mimi nimemleta binti yangu afundishwe na wewe. Kufundishwa na mtoto wa jirani, si angebaki nyumbani?"

Swali lake ni la haki. Binti yake alikuwa akirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na baba alikuwa ameuza viazi kulipa ada ya mtihani. Anaposikia kelele anaona pesa yake ikipotea. Nilimjibu kwamba mwalimu hajaondoka. Ni mwalimu anayechagua swali, na kuchagua swali jema ni kazi ngumu kuliko kutoa hotuba, kwa sababu lazima ajue mapema wanafunzi watakosea wapi na kwa nini. Ndiye anayezunguka na kusikiliza, na ndiye anayefunga mjadala. Sidhani kama nilimridhisha. Nilimwomba aketi.

Siku hiyo swali lilikuwa la lumbesa. Wasomaji wa kwetu wanaijua vizuri: mnunuzi analipa bei ya gunia moja, lakini gunia linajazwa hadi kilemba kinasimama juu na kushonewa kamba. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiikataza kwa miaka, nayo haijaisha. Swali lilisema: gunia la kilo 100 linauzwa shilingi 50,000. Mnunuzi anaongeza lumbesa, linakuwa kilo 120 kwa bei ileile. Bei ya kilo moja imeshuka kwa (A) asilimia 20, (B) zaidi ya 20, (C) chini ya 20?

Mjadala ulikuwa mkali. Wengi walisema 20, kwa sababu viazi vilivyoongezeka ni asilimia 20. Binti wa yule baba alikuwa na jibu tofauti, akamweleza mwenzake: kilo moja ilikuwa shilingi 500, sasa ni 50,000 kugawa kwa 120, kama shilingi 417. Imeshuka shilingi 83 hivi. Themanini na tatu katika 500 ni chini kidogo ya asilimia 17. "Ishirini ni ya kilo 100," alisema, "hiyo nyingine ni ya bei. Usichanganye." Baba yake alisikiliza hadi mwisho. Alipotoka aliniambia tu, "Hilo la lumbesa, Frateri, ungekwenda kumfundisha dalali." Jumamosi iliyofuata binti alikuja tena, naye akamleta mdogo wake wa kidato cha pili.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito zaidi, na kukieleza inabidi nirudi Iringa, kwa mtu ambaye jina lake linajulikana dunia nzima. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanga. Alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliweka maziwa ya moto kwenye friza, na akaona yameganda kabla ya mchanganyiko wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alimuuliza mwalimu sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alisoma kidato cha tano Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Tangu hapo, alipokosea hata kusoma jedwali la logi, aliambiwa kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likauchukua msemo huo. Ilikuwa ni pale Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa chuo kishiriki, alipoalikwa na mkuu wa shule kutoa mhadhara, ndipo Mpemba aliposimama na kuuliza kwa mara nyingine. Wenzake walimcheka. Osborne alikwenda kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la *Physics Education*. Wanasayansi bado wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Swali la mwanafunzi limewapa kazi kwa zaidi ya nusu karne.

Angalia waliomcheka ni akina nani. Ni rika lake. Wanafunzi wenzake, ambao katika makala hii nawasifu kama walimu wema, ndio waliolibeba dharau la mwalimu na kulieneza. Kundi la wenzako laweza kuwa shule, na laweza kuwa kichwa cha watu kinachocheka kwa pamoja. Inategemea wamejifunza nini kutoka kwa mtu mzima aliye mbele yao kuhusu namna ya kulitendea kosa. Mwalimu akicheka jibu potofu mara moja tu, kura ya kimya imekwisha. Kuanzia hapo kila mtu atatazama vidole vya mwerevu wa darasa kabla ya kuonyesha vyake. Kwa hiyo katika njia hii heshima ndiyo mtambo wenyewe, na bila heshima hakuna kinachozunguka. Yale majengo ya Mkwawa leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, mahali wanapoandaliwa walimu. Natamani kila anayesomea ualimu pale aijue habari hii kwa kichwa.

Hapa falsafa inanisaidia. Tunaposoma *Menoni* ya Plato, tunamkuta Sokrate akimuuliza kijana mtumwa jinsi ya kupata mraba wenye eneo maradufu ya mwingine. Kijana anasema upande uwe maradufu, anapata eneo mara nne. Anajaribu tena, anakosa tena, na Sokrate anaona kwamba kuduwaa kwake ni faida, kwa sababu sasa anajua kwamba hajui. Lakini mara nyingi kijana yule hujibu "ndiyo" tu. Hakuna mwenzake wa kumuuliza "bei ipi?"

Mtakatifu Tomaso wa Akwino ananiridhisha zaidi. Katika maswali yake yaliyojadiliwa kuhusu ukweli, swali la 11, anauliza kama mwanadamu anaweza kumfundisha mwenzake. Anamlinganisha mwalimu na tabibu: dawa husaidia, lakini anayepona ni mwili wenyewe kwa nguvu iliyomo ndani yake. Vivyo hivyo ndani ya mwanafunzi zipo mbegu za ujuzi, na mwalimu huzisaidia zitoke. Akili ya mwanafunzi ndiyo inayofanya kazi ya kujua, na mwalimu hawezi kuifanya kwa niaba yake.

Tena, namna ya Tomaso ya kufundisha iko karibu na vidole vyetu kuliko tunavyodhani. Katika vyuo vikuu vya karne ya 13 swali liliwekwa mezani, hoja za pande zote zikatolewa, mwanafunzi wa ngazi ya juu akazijibu, na mwisho bwana mkubwa akatoa uamuzi wake na sababu. Ndiyo maana *Summa* huanza kila kipengele na hoja zinazopinga, zikiwa zimeelezwa kwa haki. Mtu asiyeweza kulieleza vizuri jibu potofu hajalielewa bado jibu sahihi. Swali jema la hisabati hutungwa kwa kanuni hiyohiyo: jibu A lililokosewa lazima liwe kosa ambalo mtu mwenye akili angeweza kulifanya.

Kuna somo jingine kwetu tunaojiandaa kuhubiri. Katika kura ya kwanza ya viazi wengi walikuwa upande wa A, na A haikuwa kweli. Wingi wa vidole haukubadili bei ya gunia. Lakini pia mwalimu hakuitangaza kweli kwa mamlaka na kuwaamuru waifuate. Kweli ilipita kwa binti aliyekaa nyuma, kwa hoja, na ikakubaliwa kwa kuonekana. Katika zama ambapo wengine wanasema ukweli ni chochote ambacho wengi wamekubaliana, na wengine wanadhani unalindwa kwa kupaza sauti, naona darasa la hisabati ni shule nzuri ya frateri.

Na sisi Wakatoliki wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuiamini njia hii. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA waliziweka jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Tangu hapo tunakutana nyumba kwa nyumba, na mkulima humshirikisha jirani yake Neno la Mungu bila kusubiri padre afike. Padre akifika husikiliza, husahihisha, hufafanua. Kama tunamwamini baba yule kuelezana Injili na jirani zake, tunaweza kumwamini binti yake kueleza asilimia kwa anayeketi naye dawati moja.

Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Sijui vijana wangu watapata nini, na mwezi mmoja wa likizo haufuti miaka minne. Lakini parokia nyingi zina ukumbi unaokaa mtupu Jumamosi asubuhi, na waamini wengi ni walimu, wahasibu na mafundi wanaoijua hisabati. Saa mbili, karatasi za manila na maswali matano yaliyofikiriwa vizuri vinatosha kuanza. Nanyi wazazi, mtoto akirudi jioni msimuulize tu amepata ngapi. Muulizeni leo amemweleza nani, na jambo gani, na kama mwenzake alikubali. Akisema mwenzake alikataa, muulizeni kwa nini, kisha mpeni nafasi ya kufikiri kabla ya kumtuma dukani.